Motokari Iliyolishwa Mofwe

Wenzangu wa bombani, nimechoka. Tangu nirudi kutoka Nchelenge, kila nikiweka ndoo yangu chini mnaanza: "Mama Mwape, sema basi, ilikuwa je?" Nikianza kusema, maji yanafurika, mwenye zamu anapiga kelele, na habari inabaki nusu. Sasa nasikia mmoja wenu anazunguka akisema eti mama yangu ni mzee mpaka anaongea na motokari. Mama yangu hana kichaa. Aliongea na motokari, ndiyo, nami nilikuwa hapo. Basi nimekaa na kuandika yote, anayejua kusoma awasomee wengine.

Kwanza muelewe jambo moja. Kwetu, ng'ambo ya mto Luapula na pembeni ya ziwa Mweru, mwanamume haingii kwa wakwe hivi hivi kwa kuwa ameoa. Hali bukari yao, ndiyo ugali. Hasemi na mama mkwe wala hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Namkumbuka marehemu baba yangu, mimi bado mdogo, mwanamume wa miraba minne, akijitupa ndani ya matete pamoja na baiskeli yake kwa sababu bibi anakuja na mtungi. Tulicheka mpaka tukachapwa. Hali inaendelea hivyo mpaka siku ukoo unapompikia, unamwita ndani na kumwonyesha kila chakula. Siku hiyo tunaiita kwingisha shifyala, ndiyo kumwingiza mkwe.

Mume wangu Ilunga mnamjua. Ni Muluba, dereva wa malori ya samaki, na maneno yake hayana breki. Tulioana hapa mjini, watoto wakazaliwa, wakaanza shule, naye hajaingizwa. Mara kazi, mara matanga, mara mjomba wangu amekasirika. Na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Mwaka huu Bayama, ndivyo tunavyomwita mjomba, akatuma ujumbe: mlete kiangazi hiki, ukoo wote utakuwa Nchelenge. Asipokuja, tumeelewa, na asije tena. Jamani, pimeni uzito wake. Maana yake maisha yangu yote ningekula ama na mama yangu ama na mume wangu, kamwe si wote wawili chini ya paa moja.

Elisabethville mpaka kivuko cha Chembe

Mambo ya makaratasi na mihuri ya mpakani nayaruka, mtalala. Tulitoka na ile jeep ndogo ya Ilunga, ile kuukuu ya askari, aliyoinunua ikiwa haina hata kiti cha nyuma. Anaipenda kuliko anavyonipenda mimi, na nimeshamwambia hivyo. Vumbi la njia ile lilituingia mpaka kwenye meno. Kila tukisimama anafungua mbele, anatoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya mashini, anakipangusa kwa kitambaa, anakirudisha, anakitoa tena, anakitazama kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa.

Chembe tukakuta kamba ya kivuko imekatika. Tukakaa. Watu wa kivuko walikuwa hawana haraka hata kidogo, na mimi, mtaniamini, nilifurahi. Niliketi kwenye jiwe, miguu ndani ya Luapula, nikasikia wanawake wakitukanana kwa Kibemba kile cha kwetu, kitamu, na machozi yakanitoka. Mama mmoja aliyeuza viazi vitamu vya kuchemsha akaniuliza nalilia nani. Nikamwambia silii mtu, nalilia lugha. Akaniongezea kiazi.

Ilunga huko nyuma alikuwa amekusanya watu, anawafundisha. Mzee mmoja alikuwa amemwambia kuwa motokari ndogo hivi ni mtoto wa lori, kwa hiyo imiminiwe mafuta mengi ili ikue.

"Apana, mzee," Ilunga akasema. "Hii iko mutu mukubwa, tumbo tu njo kadogo. Lori inakunywa sawa mulevi. Hii inakunywa litre ine na nusu, inatosha."

"Na ukiongeza?"

"Itakuwa sawa mutoto mwenye kulishwa kupita tumbo. Itatapika."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, aliondoka akitikisa kichwa. Kwake, kumhesabia mwenzako chakula ni uchoyo tu.

Fort Rosebery

Hapo tulichelewa kwa ajili ya kitu kinachoitwa vidange. Kwa sisi tusio madereva: ni kuyamwaga mafuta ya zamani ya mashini na kutia mapya. Ilunga alisema vumbi na ule mto mdogo tuliouvuka vimeyaharibu. Nilidhani ni uchokozi wake wa kawaida, lakini alipofungua kizibo cha chini yakatoka meusi, mazito, yenye mchanga, nikakubali.

Dukani kukawa na kasheshe. Ilunga anataka litre nne na nusu. Mwenye duka, Mhindi mpole mwenye miwani, anamwekea kopo moja na kusema, "Galoni moja, bwana, basi."

"Moja? Moja ya nini? Miye nilisema ine na nusu! Hapa munaiba batu sana."

Walibishana mpaka chai ya yule Mhindi ikapoa. Mwisho akaenda nyuma, akaleta chupa ya litre, akajaza maji, akawa anamimina kwenye kopo tupu la galoni mbele ya kila mtu. Moja, mbili, tatu, nne, na nusu juu yake. Ilunga akavua kofia. "Papa," akasema, "kumbe tunasema kintu kimoja." Wakashikana mikono, tukapewa na chai. Hivyo ndivyo safari ilivyokuwa, ndugu zangu: kugombana kwanza, halafu chai.

Mafuta mapya yakaingia yote. Akanionyesha kile kijiti. Kina alama mbili. Ya chini, alisema, ni njaa. Ya juu ni shibe. Mafuta yalikuwa yamesimama sawasawa kwenye alama ya juu, manjano, safi kama asali ya mwanzo. "Angalia, Mama Mwape. Mutu asiniambie kitu mpaka Nchelenge."

Bonde la Luapula mpaka Mofwe

Njia ya bondeni sitaimaliza kuisimulia. Kila kijiji kilikuwa na mtu niliyemjua au mtoto wa mtu niliyemjua. Nilimwonyesha Ilunga mahali ambapo zamani, samaki wale wa mpumbu wakipanda mto, tulikuwa tunaingia majini sisi watoto na vikapu, na samaki wanatugonga miguu kwa wingi wao. Siku hizo kijiji kizima kilinuka mayai ya samaki, hata nywele za mtu. Nikamuuliza mwanamke aliyekuwa anaanika nyavu: mpumbu wanapanda lini mwaka huu? Akanitazama kwa huruma. "We dada, umekaa sana kwa Bapunda, huko ng'ambo." Hawapandi tena. Wamevuliwa na mayai yao. Mpaka Mwansabombwe Ilunga aliendesha polepole ili niutazame mto.

Pale Mofwe, penye maji ya samaki, ndipo anapokaa dada mkubwa wa mama yangu. Mama alikuwa amekwenda kwake kukusanya samaki wakavu wa sherehe, na kuchukua chungu kipya cha kumpikia mkwe. Tulikuwa tumeagizwa tumchukue hapo, twende naye Nchelenge.

Sasa fikirini wenyewe. Mtu asiyeruhusiwa kumwona mama mkwe anatakiwa ambebe ndani ya motokari isiyozidi kitanda!

Ilunga alisimamisha jeep mbali, karibu na vichuguu, akabaki huko. Mimi nikaingia uani. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akawa ananinusa kama ninavyonusa mimi watoto wangu. Amekuwa mdogo, mama yangu. Mabega yamekwenda wapi? Nikapakuliwa bukari na samaki wa makobo wabichi wa mchuzi, na mume wangu kule kwenye vichuguu anakula mkate mkavu na dagaa wa kopo. Nilimega tonge, nikalirudisha sahanini. Mama mkubwa aliliona hilo, nao wote waliliona. Nilimsikia akisema, "Mwenye motokari amelala njaa mlangoni kwetu, aibu hii tutaiweka wapi?" Mama akajibu, "Mila ni mila." Lakini hakuula mkia wa samaki wake, na mama yangu haachi mkia.

Asubuhi Ilunga, aliyelala fofofo juu ya mkeka nyuma ya vichuguu, alikuja na spana, akafungua kile kioo cha kutazamia nyuma, akakitia chini ya kiti. "Nisimuone kwa bahati mbaya," alisema. Tukafunga kitenge katikati, kati ya kiti cha mbele na nyuma. Akaenda kusimama kwenye matete mpaka mama apande. Mama akapanda, akaketi juu ya mzigo, mgongo kwetu, uso akiuelekeza tulikotoka, chungu kipya mapajani. Mimi nikakaa mbele ili nipeleke maneno. Kile kijiti hakukipima asubuhi ile. Angekipima kwa nini? Motokari ilikuwa imesimama tu.

Mofwe kuelekea kaskazini

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mama ananiambia, "Mwambie mwenzako njia ni hii ya kulia," namwambia, anajibu, "Mwambie mama aksanti." Wanasikiana vizuri kabisa, lakini lazima maneno yapite kwangu, kama posta. Mama huongea Kibemba, ila Kiswahili cha sokoni anakijua, kwa miaka mingi amewauzia samaki watu wa Kasenga, upande wa Kongo.

Halafu mama akaanza kukohoa. Nikauliza, "Vumbi, mayo?" Akasema vumbi. Akakohoa tena. Motokari ikawa nzito, inakwenda kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Ilunga akakunja uso. Kioo hana, nyuma haoni. Ikatoa mlio mmoja, mwingine, ikasimama katikati ya njia. Ndipo upepo ukatuletea moshi wenyewe, wa buluu, mzito, umetanda njia nzima mpaka kule tulikotoka.

"Mayo! Moshi huu wote uliuona?"

"Niliuona tangu kijijini," mama akasema nyuma ya kitenge.

"Mbona hukusema?"

"Niseme motokari ya mkwe inanuka? Mimi ni mama wa namna gani?"

Ilunga alikuwa ameshafungua mbele. Akatoa kile kijiti. Nilimwona anakipangusa, anakirudisha, anakitoa tena. Mafuta yalikuwa yamepita alama ya juu, yamepanda mbali. Chini ya mashini yalikuwa yanadondoka. Akafungua buji, zile zinazowasha moto ndani, zote zimelowa, nyeusi. Hakutukana. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mutu alimimina," akasema. "Usiku, ku Mofwe. Miye nilipima, wewe uliona. Mutu alikuya akamimina mafuta."

"Nani afanye hivyo?"

"Bakwenu. Banajua siku yenyewe iko kesho, tukichelewa Bayama atafunga njia. Banakosa kinywa ya kusema 'hatumutaki', banasema na mafuta." Akajipangusa mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Miaka yote miye nalala inje sawa mbwa. Nilisema haina mubaya, iko mila. Lakini kuua motokari ya mutu? Nitaisafisha, nitarudia Elisabethville. Wewe enda na mama yako. Lori itapita."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Naye akanijibu mengine. Tuligombana katikati ya barabara kama watu wa sokoni, na mama yangu mzazi yuko nyuma ya kitambaa anasikia kila kitu. Kwa hasira yangu kulikuwa na woga. Nilikuwa naona anachokisema kinaweza kuwa kweli.

Kisha tukasikia jeep inalia, mtu anashuka. Ilunga akageuka haraka, akautazama msitu. Mama alizunguka kwa upande mwingine, kitambaa amekivuta mpaka puani, akaja akasimama akiipa motokari ubavu. Akaweka kiganja juu ya bati. Na akaanza kusema, kwa Kiswahili, si kwa Kibemba, ili kila mwenye masikio asikie.

"We motokari. Sikia. Njo miye nilikulisha."

Ilunga akageuza sikio moja tu.

"Mwenye wewe alilala njaa kwa mulango yetu. Bukari yetu haiwezi kula, bado hatujamwingiza. Moyo iliniuma. Nikasema, basi, tutalisha kintu yake. Kulikuwa mutoto wa dada yangu, anatumika ku mashua ya moteri ya Bagiriki, yeye njo alinionyesha kinywa yako. Nilinunua kopo, akakumiminia. Kumbe, nilisikia leo tukiagana, na bwana ya dada yangu alikulisha mbele, hakusema. Na mutoto naye alikuwa ameshakulisha ya kwake, hakusema. Kila mutu alificha, juu mema haitangazwe. Motokari, hatukukuchukia. Tulikupikia mingi."

Akapapasa bati. Akaongeza, sauti imepasuka kidogo: "Miaka yote hii nilitaka kupikia mutu mumoja. Sikuwa na njia."

Nilimtazama mume wangu. Bado ametazama msitu, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, nami sikujua analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Kisha naye akasema na motokari, mgongo kwa mama.

"Motokari, umwambie mama. Chakula haikukuwa mubaya. Ilikuwa mingi tu. Na umwambie... umwambie nimeshiba."

Aka! Mimi nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa sauti.

Ikabidi mafuta yaliyozidi yatolewe. Ilunga akaingia chini, na chombo cha kukingia hakuna, kopo letu lina petroli. Akaanza kusema atayaacha yamwagike ardhini. Kabla sijafanya lolote, kile chungu kipya kikasukumwa chini ya motokari kwa mguu wa mama yangu. Chungu cha mkwe, ambacho hakijaguswa na moto!

"Mayo, hicho ni cha kesho!"

"Kwani kesho atakula nani? Si yeye?"

Mafuta yakashuka ndani ya chungu, Ilunga akikaza kizibo na kupima, kukaza na kupima, mpaka yakakaa kwenye alama. Akasafisha buji kwa petroli na burashi ya meno yangu, na kwa burashi hiyo bado ananiomba nimsamehe. Motokari ikawaka. Ikakohoa kidogo, ikatulia, tukaenda.

Nchelenge

Harufu ilitupokea kwanza, moshi wa samaki na matope ya ziwa. Halafu Mweru lenyewe, jeupe, na kisiwa cha Kilwa kikielea mbali. Mahali tulipocheza tukizamisha vibuyu pamejengwa vibanda vya kununulia samaki, na nilipita bila kupajua mpaka mama aliponiambia, "Pale." Niliomba tusimame. Sikushuka, nilitazama tu.

Kesho yake kukawa na zogo. Shangazi zangu waliona chungu kimelowa mafuta ya mashini mpaka kwenye udongo, wakapiga kelele. Mkwe anapikiwa katika chungu kipya! Hii ni ishara mbaya, wengine wakasema tuahirishe. Tena mmoja alikuwa amesikia kuwa watu hawa wawili wamesemezana njiani. Bayama akamwita mama mbele ya wote. Ilunga alikuwa ameketi nje ya uzio kwenye mkeka wake, kanzu ya kanisani, kucha bado nyeusi, na maneno yote anayasikia. Mimi nilishika uzio.

"Dada," Bayama akauliza, "ulisema na mkwe kabla hajaingizwa?"

"Nilisema na motokari, mukwai."

"Na mkwe?"

"Yeye pia alisema na motokari."

"Na chungu?"

"Chungu kilichukua chakula cha mkwe. Kilitengenezwa kwa kazi gani nyingine?"

Bayama alikuna kidevu. Kisha kicheko kikamtoka, kile kicheko chake cha zamani nilichokisikia nikiwa mtoto, akasema kiazimwe chungu kwa jirani, moto uwashwe.

Wakamwingiza. Wanawake wakaja wamebeba vyakula vimefunikwa, wanafunua kimoja kimoja: huyu ni kuku, ukimkuta kwetu, kula. Huyu ni samaki wa Mweru, ukimkuta kwetu, kula. Haya ni maharage, hii ni munkoyo, kunywa. Ilunga anaitikia kwa kupiga makofi, kichwa chini, kama alivyofundishwa. Mwisho mama akaja na bukari. Akapiga magoti mbele yake, akaondoa kitambaa usoni, akasema, "Inua kichwa."

Akainua. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza wanatazamana. Mama alimtazama sana, paji la uso, macho, masikio. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye nywele zake, juu ya sikio, na tabasamu alilokuja nalo likapotea.

"Weeh," akasema polepole. "Kumbe uko na mvi. Tulikuacha inje mpaka ukazeeka, mwanangu."

Ilunga, yule wa maneno mengi mnayemjua, akanawa mikono yake yenye kucha nyeusi. Akamega tonge, akala, na mama akakaa palepale mbele yake akimtazama anavyotafuna, mpaka sahani ikaisha.